Mtutu wa Moja, Mwili wa Nyingine

Kingsbury, London
14 Machi 1971

Dada yangu Placida,

Mie Mahendra ndiye ninayeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu kalamu. Mwaka huu natimiza miaka sitini na sita. Masultani wanne wamepita mbele ya macho yangu, mie nipo. Vita viwili vya Wazungu vimepita, ndui imepita, Mapinduzi yamepita, mie nipo. Na baridi ya hapa imewalaza kitandani watu wa rika langu, lakini mie ngazi za stesheni nazipanda bila kushika chuma, muulize yeyote.

Nakusalimu sana, na walimu wenzako hapo Magomeni, na zaidi ya wote mke wangu Damyanti anayelala chini ya dari lako. Kama barua zangu za Januari hazikufika usininunie. Watu wa posta waligoma wiki saba nzima, barua zimekaa kwenye magunia kama mbatata.

Chumba changu ni kilekile, juu ya duka la Hemant, mtoto wa binamu yetu marehemu. Anauza bizari na dengu hapa Kingsbury Road na ana mdomo. Kazi yangu nayo ni ileile, fundi katika duka la bunduki la Bwana Pelham. Ngoja nikwambie. Wazungu wanne wameshika kazi hii kabla yangu, hakuna aliyemaliza mwaka. Mie nikiisogeza bunduki sikioni nikaivuta mara moja, ugonjwa wake naujua. Miaka arobaini Unguja, hakuna bunduki iliyorudi kwangu kwa ugonjwa uleule. Baba yetu alikuwa fundi mzuri, Mungu amrehemu, lakini mie nilimpita, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Habari njema ni hii. Bwana Pelham ameahidi kuniandikia barua ya kazi. Hiyo ndiyo wanayoitaka Ubalozi wa Uingereza huko Dar, wajue kwamba nina kazi na nina mahali pa kumweka mke. Ikifika barua hiyo, Damyanti anapanda ndege. Mwambie aanze kuaga watu.

Basi nimemaliza. Lo, nimesahau jambo dogo. Duka limekosea makaratasi ya bunduki moja. Mkulima mmoja, Bwana Tarrant, alinunua kwetu Novemba bunduki ndogo ya kupigia sungura. Juzi polisi walikwenda kumkagua, wakakuta nambari ya bunduki si ile ya kwenye cheti chake. Bunduki wameichukua na yeye anapelekwa mahakamani. Hayo ni mambo ya duka, na ya Wazungu wenyewe. Mie fundi, sishiki daftari.

Ndugu yako,
Mahendra


Magomeni, Dar es Salaam
5 Aprili 1971

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika, na zile mbili za Januari zimekuja siku moja nayo, kwa hiyo tumekusoma kwa mfululizo kama gazeti. Sisi wazima. Mvua za masika zimeanza na paa linavuja upande wa jikoni. Wifi Damyanti anakusalimu sana. Siku hizi anapenda kukaa zaidi kuliko kutembea, lakini hajambo.

Sasa niruhusu, mimi mdogo wako. Ukurasa mzima umejaza sifa zako, na mtu kupelekwa mahakamani umempa mistari minne, tena umeisukuma mwisho, kama mwanafunzi anayeweka daftari lenye makosa chini ya madaftari ya wenzake. Mimi nimefundisha miaka ishirini na sita, Kaka. Daftari la chini ndilo ninaloanza nalo.

Unasema duka limekosea. Duka halina mikono. Nani aliandika? Na bunduki imepataje nambari isiyo yake? Mama yangu, aliyenizaa na baba yetu huko Tabora, alikuwa akisema kwamba baba akiharibu kitu, siku hiyo ndiyo alikuwa akiimba. Wewe umeimba sana katika barua hii.

Nijibu.

Mdogo wako,
Placida


Kingsbury
23 Mei 1971

Dada Placida,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Mwanamke niliyempakata mwenyewe alipoletwa Unguja na mama yake ana miaka mitatu, leo ananifanyia mtihani. Haya. Damyanti mpe salamu zangu. Mbona yeye haongezi hata neno moja? Zamani alikuwa anakuamrisha uandike hivi, uandike vile.

Umeuliza nani aliandika. Aliandika Bwana Pelham, kwa kalamu yake, katika lile daftari kubwa ambalo polisi hulisoma. Umeridhika?

Lakini kwa kuwa utauliza tena, nakueleza. Polisi walipokuja dukani Pelham aliwafungulia daftari. Daftari linasema Tarrant ameuziwa bunduki nambari nyingine kabisa. Na ile nambari waliyoikuta kwa Tarrant, daftari linasema bunduki hiyo ilivunjwa ikatupwa kwenye chuma chakavu. Polisi wakaondoka na jibu lao: mkulima huyu amepata vyuma vya wizi, amejitengenezea bunduki ya pili bandani kwake.

Jioni ile Pelham aliniita. Akaniambia, “Mahendra, daftari langu linasemaje?”

Nikamwambia, “Linasema ulivyoandika, bwana.”

“Basi ndivyo ilivyokuwa.” Akavua miwani akaifuta, akaivaa. “Mkeo anakuja lini?”

“Nangoja barua yako, bwana.”

“Kesi ya Tarrant ni Septemba. Ikipita vizuri, tutakaa tuiandike.”

Unanijua mie si mtu wa kutishwa. Nilinyamaza kwa hekima.

Wiki iliyofuata Tarrant mwenyewe akaja. Mzee wa umri wangu, mjane, mabuti yana tope mpaka gotini. Pelham alikuwa nje. Akaja moja kwa moja hadi kwenye meza yangu ya kazi. “Wewe ndiye uliyenipa bunduki ile mkononi. Waambie ni ileile. Neno moja tu.”

Nikainamia tupa yangu, nikaendelea kusugua chuma. Nikamwambia, “Mie sijui Kiingereza.”

Halafu akatoka, akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.

Kiingereza najua, Dada. Kwa kazi yangu kinanitosha na kusaza.

Sasa muulize Damyanti kama anataka kuja Ulaya. Usimsomee yote. Muulize hilo tu.

Mahendra


Magomeni
20 Juni 1971

Kaka,

Shikamoo. Sote wazima.

Sikumuuliza. Ulilonipa si swali. Unataka Wifi aseme “nataka,” halafu wewe useme ulinyamaza kwa ajili yake. Sitambebesha mzigo ambao hajaonyeshwa.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Polisi wanasema mkulima ndiye aliyebadilisha vyuma. Wewe hukuandika popote kwamba vyuma havikubadilishwa.

Ni nani aliyevibadilisha?

Placida


Kingsbury
1 Agosti 1971

Dada yangu Placida,

Ni mie.

Nimeanza hivyo nisije nikapata nafasi ya kuzunguka. Wiki nne karatasi hii imekaa juu ya meza. Hemant alidhani nimeugua, akanipandishia mchuzi wa dengu, na mie simruhusu mtu kunipandishia chakula.

Sikiliza ilivyokuwa. Ziliingia dukani bunduki mbili za aina moja, zote mbovu. Ya kwanza mtutu wake umeliwa na kutu lakini mwili mzima. Mwili ndiyo ile sehemu ya nyuma yenye kifyatulio. Ya pili mtutu safi kama kioo, mwili umepasuka. Wewe unajua Unguja tulivyofanya kazi. Chuma kilikuja kwa meli, na meli ina siku zake. Fundi akipata wagonjwa wawili anatoa mzima mmoja, na mwenye bunduki anakushukuru. Mikono yangu ilifanya hivyo kabla sijafikiri. Nikautoa mtutu safi, nikautia kwenye mwili mzima, nikapiga tupa hapa na pale, ikakaa kana kwamba zilizaliwa pamoja. Vilivyobaki nikavitupa kwenye pipa la chuma chakavu.

Pelham akaja akaivuta, akasikiliza, akasema, “Kazi nzuri.” Mzungu yule hasemi hivyo mara mbili kwa mwaka. Kama ningemwambia nimechanganya mbili angeuliza maswali. Mie nilitaka aendelee kusema kazi nzuri. Basi nikanyamaza. Akasoma nambari juu ya mtutu, akaiandika kuwa ndiyo iliyouzwa kwa Tarrant. Ile nyingine akaandika imevunjwa. Lakini kwa sheria ya hapa bunduki ni mwili, nao una nambari yake, na ule mwili aliouchukua Tarrant ndio wa bunduki iliyoandikwa imevunjwa. Kwa hiyo Pelham hakukosea alichokiona. Aliona nilichomwonyesha. Sasa ameshajua, maana si mjinga, ila anaona heri aanguke mkulima kuliko duka.

Liko jingine, nalo hulijui wewe wala Damyanti.

Unamkumbuka Alnashir, muuza vitambaa, jirani yangu wa ukuta mmoja pale Unguja. Wiki ya pili baada ya Mapinduzi watu wenye silaha walikuja dukani kwangu, wakachukua daftari la bunduki zilizopita mikononi mwangu. Jina la Alnashir limo, na bunduki ya kuwindia kanga. Alikuwa ameshaiuza mwaka mzima nyuma. Mie mwenyewe nilishuhudia, tukanywa chai, ila sikumfuta katika daftari. Nilikuwa mvivu wa kalamu, na leo ni vilevile. Wakamtaka aitoe. Akasema, “Sina, niliiuza, muulizeni Mahendra.” Wakanigeukia wakaniuliza. Nikasema, “Mie najua kilichoandikwa.”

Wakamtia kwenye gari. Hakurudi.

Damyanti nilimwambia sikuulizwa chochote. Lila, mjane wa Alnashir, yupo hapa London, anakaa Stanmore kwa binti yake. Mara mbili amekuja kununua unga kwa Hemant, mara mbili nimejificha stoo nyuma ya magunia. Mie, Mahendra.

Kesi ya Tarrant ni tarehe ishirini Septemba. Nikisema, kazi hakuna, barua ya kazi hakuna, Damyanti haji. Sasa msomee yote. Hata hili la Alnashir. Fanya haraka, Dada.

Mahendra


Magomeni
22 Agosti 1971

Kaka yangu,

Shikamoo. Leo baada ya kanisa nilimkalisha Wifi jikoni nikamsomea barua zako zote, tangu ile ya Machi. Sikuruka neno. Nilipofika kwenye habari ya Alnashir alikuwa anapika wali. Wali ukashika chini, na mimi sikuthubutu kuinuka kuuepua.

Halafu akasema, “Hilo nalijua. Nilikuwa nyuma ya pazia la duka. Nilimsikia akiulizwa, nikamsikia akijibu. Miaka saba nangoja anieleze mwenyewe.”

Nikamuuliza, “Na hukumwambia?”

“Ningemwambia angejisifu juu ya jambo jingine, basi.” Akacheka kidogo, Kaka, halafu akalia.

Nikamuuliza nikuandikie nini. Haya ndiyo maneno yake, nimeyaandika akiwa amekaa mbele yangu: “Mwandikie nataka kuja. Asijidanganye kwamba sitaki ili mambo yawe mepesi kwake. Nataka kuja, nataka sana. Aende akaseme.”

Nami nina langu la kukiri, kwa sababu nimekuhubiria sana juu ya kunyamaza. Uliuliza kwa nini haongezi neno. Macho yake, Kaka. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha tangu Februari, na la kulia daktari wa Muhimbili anasema huenda likafika mwaka, huenda lisifike. Alinikataza kukuandikia. Leo amenifungua mwenyewe. Anasema ukiamua, uamue ukijua yote, na yeye anataka kukuona uso kabla ya giza.

Nimefundisha watoto kwamba jambo la haki lina njia nyepesi ukiitafuta. Hili sijaiona njia yake nyepesi. Nimeitafuta usiku na mchana.

Mdogo wako,
Placida


Kingsbury
17 Oktoba 1971

Dada yangu Placida, na mke wangu Damyanti utakayesomewa,

Nawasalimu. Nimeandika barua hii polepole, kwa sababu nataka uipeleke Ubalozini. Ulisema katika ile karatasi yako ya mwisho, ulipojibu mistari yangu miwili ya kwamba kazi sina, kuwa ofisa anauliza kwa nini niliacha kazi. Msomee ofisa huyo hii. Usinitafutie neno laini. Sikuacha. Nilifukuzwa.

Tarehe sita Septemba nilikwenda kituo cha polisi pamoja na Hemant anitafsirie, maana nilitaka Kiingereza kisinipe mahali pa kujificha tena. Njiani Hemant akaniuliza, “Mzee, nitafsiri unavyosema au unavyojisifu?” Nikamwambia atafsiri kila kitu, polisi watachagua wenyewe.

Nikamwambia sajenti: bunduki ya Tarrant ni hii aliyoinunua, mtutu wa moja na mwili wa nyingine, na aliyeziunganisha ni mie, na sikumwambia mtu. Sajenti hakuniamini. Akasema labda mkulima amenituma. Nikasema ileteni. Wakaileta. Nikaifungua mezani pale kwa bisibisi yao mbovu, nikamwonyesha ndani, mahali ambapo mtutu unaingia, alama tatu ndogo za tupa. Kila kazi yangu natia alama hizo mahali ambapo mnunuzi hawezi kuziona. Akaniuliza kwa nini nazitia. Nikasema, “Ili siku moja fundi mwingine akiifungua ajue ni mie niliyeifanya vizuri.” Hemant akatafsiri. Sajenti akaandika.

Wakaniuliza kama Bwana Pelham alijua. Nilisema kweli. Wakati anaandika hakujua, baadaye alijua.

Kesi ya Tarrant imefutwa. Alikuja hapa Kingsbury, akasimama na mabuti yake ya tope kati ya magunia ya Hemant. Akasema, “Ungesema Mei.” Nikamwambia kwa Kiingereza, bila Hemant, “Ndiyo. Ningesema Mei.” Akanipa mkono, si kwa furaha, lakini alinipa. Duka la Pelham limefungwa mpaka polisi wamalize kukagua bunduki zote, moja moja, na mie nimepewa onyo la maandishi. Pelham alinitolea tupa zangu nje ndani ya boksi la viatu. Barua ya kazi hakutaja, na mie sikuomba.

Sasa nafagia hospitali moja huko Lewisham. Treni mbili na basi kwenda, hivyohivyo kurudi. Msimamizi wangu anasema barua ya kazi hutolewa mtu akimaliza miezi sita. Maana yake ni Machi. Damyanti, nimehesabu kama unavyohesabu wewe. Nilijua kabla sijaingia kituoni, na niliingia. Sikwambii unisamehe. Nakwambia nilijua.

Jumapili iliyopita nilikwenda Stanmore kwa Lila. Alifungua mlango nusu. Nikamweleza nikiwa nimesimama nje, tangu daftari mpaka gari, na nikamwambia jibu nililotoa, neno kwa neno. Hakunikatisha. Nilipomaliza aliuliza, “Ilikuwa saa ngapi?”

Nikasema, “Asubuhi, kama saa tatu.”

Akasema, “Mimi nilikuwa nimemwekea chai.” Akafunga mlango.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Nimeandika mengi maishani ya kujikuza, na haya nayo kuna mtu atasema nimejikuza. Kwa hiyo ofisa akitaka kuhakikisha, watu hawa wapo na watamjibu. Hemant wa Kingsbury Road, aliyekuwa kinywa changu kituoni. Bwana Tarrant, mkulima, kwa habari ya bunduki. Bwana Pelham pia, ananichukia lakini akiulizwa juu ya mikono yangu hataweza kusema uongo. Damyanti mwenyewe, aliyekuwa nyuma ya pazia. Na Lila, mjane wa Alnashir, huko Stanmore, ndiye wa kuulizwa kwanza. Salamu zangu hajaziitikia mpaka leo, lakini anajua kwamba safari hii nimesema kweli.

Mahendra